Nyumba ya babu, jiwe la uani na ghorofa sita

*Shikamoo mzee. Naishi Nyegezi, hapa Mwanza. Babu yetu aliacha nyumba katikati ya mji, jirani na Makoroboi. Ni ya chini: mbele fremu mbili za duka na baraza refu, nyuma ua, na uani kuna jiwe kubwa ambalo bibi alikuwa akianikia dagaa. Juu ya mlango wameandika 1938 kwa lipu, na mlango wenyewe una nakshi. Amekuja mwekezaji anataka tubomoe tujenge ghorofa sita kwa ubia. Kaka zangu wameshakubali kwa mdomo. Mimi nasita, lakini nikiulizwa sababu sina. Je, sheria inailinda nyumba kama hii? Na kung'ang'ania vya kale si kuurudisha mji nyuma?*

Marahaba mwanangu, na mwangaluka, kama tusalimianavyo Kisukuma. Umeuliza maswali mawili na la tatu umelificha: unataka nikupe la kusema mbele ya kaka zako. Nitakupa, ila huenda sehemu yake isikufurahishe, kwa sababu sitakwambia msijenge.

Tuanze na sheria, maana ndiyo itakayotajwa kwanza kwenye kikao cha ukoo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ukiwa umesimama kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au Kaole, mwaka huo una maana. Ukiwa Mwanza unacheka. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alilitazama ziwa akiwa kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858, na mji wenyewe ulianzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890. Kwa kipimo hicho hatuna kitu cha kale mjini hapa, kuanzia majengo ya Wajerumani hadi duka la babu yako. Sote ni watoto wa jana. Waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inazungumzia majengo yenye thamani ya kihistoria na kiusanifu, lakini yote mawili yanahitaji mtu alisukume jambo lenyewe, kwa barua, ramani na picha. Kama hakuna aliyelisukuma kwa ajili ya nyumba yenu, basi jibu fupi ni kwamba hailindwi.

Hapo kaka zako watashusha pumzi. Wasishushe yote. Sheria hiyohiyo ya Mambo ya Kale ina neno kuhusu milango: mlango wa mbao, au miimo yake, uliochongwa nchini kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940, ni kitu kinacholindwa. Kama mlango wenu umekaa pale tangu 1938, basi mna jambo la ajabu mkononi. Nyumba mnaweza kuibomoa kwa kibali cha kawaida cha halmashauri, lakini mlango hamwezi kumuuzia mtu wala kuuvusha mpaka bila kibali cha wanaosimamia mambo ya kale. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika ubia wa namna hii kitu cha kwanza kupotea ni mlango. Unaondoka usiku kwenye kirikuu, na asubuhi kila mmoja anadhani mwenzake kauhifadhi.

Sasa tuje kwenye nyumba. Mwaka 1938 haukuandikwa pale kwa bahati. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mji huu uliipa Dar es Salaam mgongo na kutazama Kisumu, kwa sababu reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901 na bati, misumari na saruji vilivushwa ziwani kwa meli. Treni ilipokuja, biashara ya pamba ikapata mlango wa pili, na maduka yakaota mji mzima: duka mbele, familia nyuma, stoo ubavuni. Aliyejenga mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, mafundi walikuwa mchanganyiko, na mteja alikuwa Msukuma aliyetoka kuuza pamba yake na kutaka kanga, sukari na mafuta ya taa. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000, mengi ya katikati ya mji yaliishia mikononi mwa umma. Vinyumba vya chini kama cha kwenu viliweza kupita chini ya kipimo hicho. Hukusema babu aliinunua lini, lakini sitashangaa ikiwa ni miaka ile.

Kwa hiyo ukiniuliza urithi wa mji wa Mwanza ni nini, sitakuonyesha jengo moja la kupigia picha. Hatuna jumba kama Beit al-Ajaib la Zanzibar. Tulicho nacho ni namna ya kukaa: duka lililo chini ya paa moja na chumba cha kulala, baraza linalompa kivuli hata asiyenunua, ua ambako maisha halisi yanaendelea, na jiwe ambalo mji umelizunguka badala ya kulivunja. Ua, kwa mfano, hakuuleta Mhindi peke yake. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950, utazame makazi ya Kisukuma yalivyopangwa: nyumba za msonge, uwanja katikati, uzio wa minyaa kuzunguka. Kazi zote ziko uwanjani, nyumba ni ya kulala na kuhifadhi. Mfanyabiashara wa pamba na mkulima wa pamba walikutana kwenye wazo hilohilo bila kuandikiana barua. (Wapo wabunifu wanaodhani kuenzi usukuma ni kuweka paa la msonge la zege juu ya hoteli. Mimi huwa nageuza uso.)

Baraza lenu nadhani nalijua bila kuliona. Lina upana wa mita mbili na nusu hivi, sakafu imepanda ngazi mbili juu ya barabara, nguzo zimechubuka kwa mabega ya watu. Pembeni kuna fundi cherehani, na kama hayupo leo basi alikuwepo. Yule fundi si mapambo. Kodi yake ndogo inalipia umeme wa nje, macho yake yanalinda fremu zote mbili, na mteja anayesubiri suruali ipunguzwe urefu anaingia dukani kununua soda. Mvua ya Mwanza unaijua, haibishi hodi. Inatoka ziwani asubuhi ikiwa imeshakasirika. Ndani ya dakika mbili mabaraza ya mtaa mzima yanakuwa njia moja, mtu anatembea kutoka kona hadi kona bila kulowa. Likibomolewa moja, mnyororo unakatika. Hilo ndilo jambo ambalo mwekezaji wako hataliona kwenye ramani yake, kwa sababu ramani yake inaanzia na kuishia kwenye mipaka ya kiwanja.

Nina dhambi yangu kwenye hili, na niiseme. Miaka ya tisini nilisimamia ukarabati wa nyumba ya rika la hiyo yenu, mtaa siutaji. Kuta zilikuwa za mawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo. Mwenye nyumba alitaka ing'ae. Nikaidhinisha kukwangua chokaa yote, tukapiga lipu ya saruji nzito, tukamalizia na rangi ya mafuta hadi usawa wa dirisha. Ilipendeza kweli siku ya kukabidhi. Masika ya pili lipu ikaanza kuvimba. Ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu, ukiibandua nyuma yake ukuta umelowa na unatoa chumvi nyeupe kama unga. Ukuta wa zamani ule unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea juu ya chokaa na kukauka kwa upepo. Mimi niliuvalisha koti la mvua. Na kama hiyo haitoshi, tulikata baraza ili magari mawili yapate pa kuegesha. Magari mawili! Duka lile lilikosa wateja wa miguu ndani ya mwaka mmoja, na aliyenieleza hilo ni mpangaji mwenyewe, bila hasira, huku akifunga bidhaa zake kwenye maboksi.

Kwa hiyo kabla ya kikao, chukua msumari wa inchi nne na ukwangue kati ya mawe mahali ambapo lipu imebanduka. Kiunganishi kikitoka kirahisi, cheupe au cha rangi ya udongo, ukuta wenu ni wa chokaa, na fundi yeyote atakayetaja saruji mpe chai umsindikize. Kikiwa cha kijivu na msumari unateleza, ni saruji, maana mwaka 1938 saruji ilikuwa imeshafika. Tazama na juu: kenchi za mbao zikoje pale zinapokaa ukutani, maana mchwa huanzia hapo, na je, matundu ya hewa juu ya milango bado yako wazi au mtu aliyaziba alipoweka dari ya jipsamu? Nyumba hizi zilipozwa na dari refu, matundu na upepo wa ziwani unaovuma mchana kuingia nchi kavu. Ukiziba matundu, unaanza kununua feni. Ukijenga kwa vioo mbele, unanunua kiyoyozi na jenereta. Watu wanaposema ujenzi endelevu wanafikiria paneli za jua, na nyumba ya babu yako ilikuwa nao tangu vita vya pili havijaanza.

Jiwe sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za mwekezaji zilipo.

Mawe ya Mwanza ni matale, yaani granaiti, yenye umri wa mabilioni ya miaka. Hayakurundikwa na mtu. Yalipasukia ardhini, maji yakala nyufa kwa muda mrefu mno, udongo uliolainika ukachukuliwa na mvua, yakabaki magumu yamebebana kama unavyoyaona pale Bismarck Rock. Kinachotokana na hilo ni hiki: jiwe unaloliona uani linaweza kuwa kichwa cha mwamba uliokita chini, au linaweza kuwa jiwe huru lililokalia udongo laini. Kwa macho huwezi kutofautisha. La kwanza ni msingi bora kuliko zege lolote. La pili ukichimba pembeni yake kuweka nguzo, linaweza kuhama, na mita chache chini yake kuna mtu amelala. Wanaoishi milimani wanalijua hili. Kila masika wanakagua mawe ya juu yao kama mfugaji anavyohesabu ng'ombe. Mwekezaji aonyeshe ripoti ya uchunguzi wa udongo na mwamba, ya mashimo yaliyochimbwa kwenye kiwanja chenu hasa. Ya kiwanja cha jirani haitoshi, hapa kwetu mita kumi ni nchi nyingine.

Akisema atalipasua, muulize atatumia nini. Kwa baruti katikati ya mji, kuta za majirani zilizoungwa kwa chokaa zitapasuka na kesi itakuja na jina la mwenye hati, yaani nyinyi. Kwa kuchoma matairi na kugonga nyundo, kama wafanyavyo wapasua kokoto, ni moshi mweusi mchana kutwa juu ya duka la watu. Kwa tindo na kabari inawezekana, ila ni kazi ya wiki nyingi na fundi wake analipwa vizuri. Gharama hiyo huwa haimo kwenye karatasi ya kwanza ya mwekezaji. Inatokea baadaye, ikikatwa kwenye gawio lenu.

Na jiwe lina kazi nyingine ambayo bibi yako aliijua. Linakamata joto mchana na kukausha dagaa upesi, sawa, lakini pia ua uliolizunguka, usio na zege, unakunywa mvua. Tuchukulie paa la mbele lina mita za mraba 108. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu ni ya kawaida, inashusha humo lita 4,320. Maji hayo yana njia mbili: aidha yaingie kwenye tangi na udongo wa ua, aidha yatoke mbio kwenye lami kuelekea Mto Mirongo, yakutane na ya jirani na ya jirani wa jirani. Ukiwahi kuuona Mirongo ukiwa umefura pale Mabatini hutahitaji mhadhara wangu. Ziwa lenyewe, mwaka 2020, lilipanda likawafuata watu majumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na watu waliona ni usumbufu wa wanamazingira mpaka maji yalipokuja kupima yenyewe.

Swali lako la pili, kuhusu kuurudisha mji nyuma. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji letu, 706,453. Ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 1.1. Watu hao wanalala wapi? Wengi wako milimani: Isamilo, Mabatini, Igogo, kwingineko, kwenye nyumba walizozijenga kati ya mawe kwa kuta za mawe makavu zinazozuia udongo, na ngazi zilizochongwa na miguu. Wataalamu wa rika langu tulifundishwa kuziita makazi holela, na dawa yake ilikuwa tingatinga. Halafu tukaanza kutazama vizuri. Shida kubwa kule haikuwa nyumba, ilikuwa choo. Kwenye mwamba huchimbi shimo. Kwa hiyo choo kinajengwa juu, kina tundu chini lililozibwa, na mvua kubwa ikinyesha usiku mtu anatoka kimyakimya kuzibua, uchafu unateremka na maji hadi kwa aliye chini yake, hadi Mirongo, hadi ziwani tunakochota maji ya kunywa. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Kilichofanya kazi kilikuwa kitu cha kiasi: mabomba membamba ya majitaka yaliyolazwa karibu na uso wa ardhi, yakipinda kwa kufuata njia za miguu na kupita ubavuni mwa mawe, kila kundi la nyumba likiwa na chemba zake ndogo, hadi kwenye bomba kuu bondeni. Ulinzi wa mtandao ule ni majirani wenyewe, maana ukitupa pampasi kwenye choo, chemba inafurikia mlangoni kwa shangazi yako. Hilo, pamoja na urasimishaji wa viwanja, limewapa watu wa milimani mji bila kuwanyang'anya mlima. Mpango kabambe wa Mwanza wa mwaka 2015 hadi 2035 una mambo makubwa zaidi, barabara, vituo vipya pembezoni na kadhalika. Mimi nakupa mfano wa bomba kwa sababu unaonyesha kinachowezekana mtu akikubali kuusoma mji kwanza.

Kwa hiyo usiende kikaoni na methali ya mwacha asili ni mtumwa. Kaka zako watacheka, na watakuwa na haki. Katikati ya mji kunahitaji ghorofa. Mtu anayefanya kazi Makoroboi na kulala Buhongwa au Kisesa anakula nauli na saa mbili za daladala kila siku, na mji unaojaa mchana ukafungwa saa moja usiku unabaki wa walinzi na paka. Nyumba ya babu yako ilikuwa na watu waliolala humo. Hilo nalo ni la kurithi, na ghorofa linaweza kulirudisha kuliko fremu mbili zinavyoweza.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Tuseme kiwanja kina upana wa mita 12 na urefu wa mita 32, utanisahihisha. Mita tisa za mbele, yaani fremu, baraza na mlango, hazibomolewi, zinakarabatiwa kwa chokaa na bati jipya. Mita nane zinazofuata ni ua na jiwe. Mita 15 za nyuma ndiko ghorofa linakosimama, la sakafu nne, chini vyumba vya huduma na stoo, juu makazi ya kupanga yenye roshani zinazotazama ua. Hesabu ya haraka: 12 mara 15 ni mita za mraba 180, mara nne ni 720, na mbele mnabaki na karibu 80 za maduka bila baraza. Ghorofa sita kwa asilimia 70 ya kiwanja chote zingekupa kama 1,600. Ni nusu, sikufichi. Lakini toa humo lifti, kwani ngazi za ghorofa nne watu bado wanapanda ila sita hawatapanda, toa jenereta ya kuiendesha lifti, toa kupasua jiwe, toa gharama ya kubomoa, na toa miezi yote ambayo fremu zingekaa bila kodi wakati wa ujenzi. Halafu jiulizeni ghorofa ya sita isiyo na maegesho ataipanga nani. Kaka zako wakichukua kalamu watakuta pengo limepungua sana, ingawa halijaisha.

Kuna jambo moja linaweza kuuvunja mpango huu: njia ya nyuma. Viwanja vya maduka ya zamani mara nyingi viliachiwa uchochoro wa huduma. Kama wenu bado upo, malori ya mchanga na siku moja gari la zimamoto yatapita huko. Kama umeshajengewa vibanda na hautoki tena, basi kujenga nyuma bila kugusa mbele kutakuwa mateso, na hapo nikisikia mmechagua kubomoa upande mmoja wa fremu nitakuelewa.

Wasiwasi wangu mwingine ni kwamba mtatafuta nyumba iandikwe mahali kuwa urithi, kisha mkae. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake tangu mwaka 1985 na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Karatasi haizibi paa. Kodi ya duka ndiyo inayoziba, kila mwaka kabla ya vuli, bati moja hapa na gata moja pale.

Kuhusu ubia wenyewe nitakuwa mfupi, maana hapo unahitaji wakili na si mimi. Msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama, na warithi wote wasaini, dada kwa kaka. "Wamekubali kwa mdomo" haina uzito wowote. Hati isiwekwe rehani benki kwa mkopo wa mwekezaji bila kikomo na bila idhini yenu ya maandishi. Sehemu yenu iandikwe kwa namba za vyumba kwenye ramani, asilimia tupu huyeyuka. Mbunifu, mhandisi na mkandarasi wawe wamesajiliwa na bodi zao, na uliza namba za usajili mapema, huku chai bado ya moto. Baraza, ua, jiwe na mlango viandikwe kwenye mkataba kimoja kimoja, pamoja na faini. Sheria haikuwalinda, basi mjilinde kwa mkataba. Hilo hakuna waziri atakayewazuia.

Na kama mwishowe wengi wape na nyumba ikaanguka, iandikeni kwanza. Nenda Jumamosi asubuhi na futi ya utepe ya mita 30, daftari la miraba na simu yenye chaji. Pima kila chumba na unene wa kuta, piga picha ya zile tarakimu za 1938 jua likiwa pembeni ili zitoke, piga na mlango, mbele na nyuma, bawaba na kufuli. Kisha mpeleke shangazi au yeyote aliyekulia humo, umpe kigoda akae karibu na lile jiwe, umwache aongee. Yeye ndiye anayejua shimo la zamani la maji liko upande gani wa ua, na mhandisi wa mwekezaji atatamani angeambiwa kabla hajamwaga zege.